Daktari Yuko Kwenye Simu, Mwili Uko Katoro

Sindano za kupunguza uzito zimewafikia watu wa Shinyanga na Geita kwanza kupitia simu. Mfanyabiashara wa Kahama anayefunga duka saa tatu usiku, opareta anayetoka shifti mgodini Bulyanhulu na mwalimu wa Katoro wote wanaona matangazo yanayofanana: kalamu ya sindano, picha ya tumbo kabla na baada, namba ya WhatsApp, na ahadi kwamba utaongea na daktari bila kutoka nyumbani. Baadhi ya wanaotangaza ni matapeli. Wengine ni madaktari wa kweli wanaoweza kukusaidia. Msimamo wangu nauweka mapema: daktari wa simu anafaa, na kwa mikoa yenye madaktari bingwa wachache anafaa sana, lakini hawezi kutibu mwili ambao hakuna aliyeugusa. Dawa ya uzito ianzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, na uwe na mahali pa kukimbilia mambo yakiharibika.

Kutibiwa kwa msaada wa simu si jambo geni huku. Mfumo wa m-mama, unaomsafirisha mjamzito au mzazi aliyepata dharura, ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, kisha mwaka 2022 ukazinduliwa kwa nchi nzima. Mtu anapiga 115 bila malipo, mpokeaji anauliza maswali yaliyopangwa, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anamwita dereva wa jamii aliyekubaliwa kwa kazi hiyo. Mfumo ule unaokoa maisha kwa sababu nyuma ya simu kuna gari, kuna kituo kinachojua mgonjwa anakuja, na kuna mtu wa kuwajibika. Zitafute sifa hizo hizo kwa anayekupa tiba ya uzito mtandaoni. Muulize: nikitapika siku mbili mfululizo nikiwa Nyarugusu, nitapokelewa na nani? Akikujibu kwamba mtaendelea kuchati, ujue anauza bidhaa tu.

Watu wengi hutumia dawa za uzito kwa siri, na siri hiyo ina historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Rakai, watu waliuita ugonjwa huo Slim kwa jinsi ulivyowakondesha waliougua. Kizazi kizima cha Kanda ya Ziwa kilikua kikijua kwamba kukonda ni kuugua. Hata leo mwanamke aliyepungua kilo sita anaulizwa sokoni, "Mama Neema, mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Mwanaume mwenye kitambi naye anasifiwa kwamba duara, yaani shimo la dhahabu, limekubali. Wakati huohuo miili inaongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, na ule wa 2022 ukaonyesha kuwa wameongezeka. Ukipita Katoro usiku unaona sababu mojawapo: chipsi mayai, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa watu wanaokesha, wengi wao wakiwa wamekaa saa kumi na mbili kwenye mtambo, dukani au juu ya bodaboda.

Basi anza na mzani. Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, hakuna anayenunua mzigo kwa kuangalia picha. Mzani kwanza, bei baadaye. Mwili nao unataka hivyo. Pima uzito na urefu, kisha gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 84 na urefu wa mita 1.60 anapata karibu 33. Dawa hizi zimekusudiwa watu waliofikia 30 na kuendelea, au 27 kama tayari kuna shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa mwingine unaoletwa na uzito. Aliye chini ya hapo na anataka tu kuvaa gauni la harusi hahitaji sindano, na daktari atakayemwandikia hamtendei haki. Zungusha pia futi kamba kiunoni: mwanamke akizidi sentimita 88, au mwanaume akizidi 102, moyo uko kwenye hatari zaidi. Kisha pima presha, sukari, figo, na mimba kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Vipimo hivi havihitaji safari ya Dar es Salaam. Hospitali ya wilaya inavifanya.

Kuna kipimo kingine ambacho daktari aliyekaa Masaki, Dar es Salaam, anaweza kukisahau, na hapa ndipo ukanda wa dhahabu unapokuwa na mambo yake. Vumbi la mwamba lina silika. Anayelivuta kwa miaka, iwe kwenye duara, kwenye karasha la kusaga mawe au katika mgodi mkubwa, mapafu yake yanapata makovu, na mapafu yenye makovu ni shamba la kifua kikuu. Sasa fikiria kijana mchimbaji wa Mgusu anayeanza sindano inayokata hamu ya kula. Baada ya miezi miwili amepungua kilo nane. Anafurahi, mkewe anafurahi, daktari wa simu anamtumia alama ya dole gumba. Hakuna anayejiuliza kama kilo hizo zimeondolewa na dawa au na TB, kwa sababu zote mbili zinaua hamu ya chakula na zote zinapunguza mwili. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi ya mawe, au anayeishi nyumba moja na mwenye kazi hiyo, apime kifua kwanza. Kipimo cha makohozi ni bure katika vituo vya Serikali. Na hata akishaanza dawa, kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au jasho la usiku linalolowanisha shuka vimrudishe kupima, hata kama mzani unampendeza.

Wafanyakazi wa migodi mikubwa wana nafasi nzuri zaidi. Sheria ya usalama na afya kazini inataka wapimwe afya, na majibu yale ni yao. Omba nakala, ikiwa ni pamoja na picha ya kifua, umpelekee daktari anayekutibu kwa simu. Mjulishe pia daktari wa zahanati ya mgodi kwamba unatumia dawa hii. Anayeshuka chini ya ardhi au anayeendesha gari kubwa huku akiwa na kizunguzungu anahatarisha na wenzake.

Chunguza vilevile kama kuna kitu kinachokunenepesha bila wewe kujua. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge cha ARV ambacho Tanzania ilianza kuhamia mwaka 2019, huwaongezea uzito baadhi ya watumiaji. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo huwafanyia hivyo baadhi ya wanawake. Zipo pia steroidi, nyingine zikiwa zimefichwa kwenye vidonge vinavyouzwa mitaani vya kunenepesha na kukuza makalio. Hakuna hata kimoja cha kuacha kienyeji. Anayekatisha ARV ili apungue anacheza na uhai wake, na aliyezoea steroidi akiziacha ghafla anaweza kuzimia. Mwambie daktari wazi. Kama unaona haya kumwambia hali yako ya VVU mtu usiyemjua kwenye simu, hiyo ni sababu ya kutafuta daktari unayemwamini. Ukimficha, atakuandikia dawa akiwa gizani.

Sasa dawa zenyewe. Semaglutidi inauzwa kama Ozempic kwa ajili ya kisukari na kama Wegovy kwa ajili ya uzito. Tirzepatidi inauzwa kama Mounjaro na, Marekani, kama Zepbound kwa ajili ya uzito. Zinaiga homoni za utumbo zinazoiambia akili kwamba umeshiba, na zinachelewesha chakula tumboni. Zinachomwa mara moja kwa wiki chini ya ngozi. Katika jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021, lililokuwa na watu 1,961, waliopata dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao katika wiki 68, na waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Tirzepatidi kwa dozi ya juu ilifikisha karibu asilimia 21 katika wiki 72. Haya ni mafanikio ya kweli, na sikubaliani na wanaosema anayetumia dawa ni mvivu. Kiribatumbo ni ugonjwa. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na kiribatumbo na ugonjwa wa moyo au figo.

Lakini hazimfai kila mtu. Aliyewahi kuvimba kongosho, mwenye ndugu wa damu aliyepata saratani ya tezi ya shingo ya aina inayorithiwa, mjamzito, na anayepanga mimba karibuni, hao wazungumze na daktari kwa kina na mara nyingi jibu litakuwa hapana. Semaglutidi inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Tirzepatidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya majira, kwa hiyo anayevitumia aongeze kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza na kila dozi inapopanda. Nalisisitiza hili kwa sababu mwanamke aliyekaa miaka bila kushika mimba kutokana na uzito anaweza kuishika mara mwili unapopungua, akiwa bado anachoma sindano.

Utamjuaje daktari wa kweli? Kwanza kwa jina lake kamili na namba ya usajili. Baraza la Madaktari Tanganyika lina daftari la madaktari, na anayekasirika ukimwomba namba hiyo umemaliza naye. Pili, kwa maswali anayokuuliza. Daktari wa kweli atatumia muda mrefu kuuliza kuliko kueleza: unatumia dawa gani nyingine, umewahi kufanyiwa upasuaji, nyumbani kuna nani mwenye kisukari, unalala vipi, unakunywa pombe kiasi gani, umewahi kukaa na njaa kwa makusudi au kujitapisha ili upungue. Ataomba kuona majibu ya vipimo yenye jina la kituo na tarehe. Atataka kukuona uso kwa video angalau mara ya kwanza. Kama unatumia insulini au glibenklamidi kwa ajili ya kisukari, atapunguza dozi zake kabla ya kuanza sindano, kwa sababu vikikutana sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Asipogusia hilo huku akijua una kisukari, tafuta mwingine. Na daktari wa kweli huwa na uwezo wa kukukatalia. Mtu ambaye hajawahi kumkatalia mteja yeyote ni muuzaji.

Tatu, tazama pesa inakwenda wapi. Mashauriano yalipiwe peke yake na dawa inunuliwe famasi iliyosajiliwa, kwa cheti, na upewe risiti. Daktari anayeandika dawa, anayeihifadhi friji ya nyumbani na anayeituma kwa basi, wote wakiwa mtu mmoja, hana wa kumsahihisha akikosea. Kuhusu picha za mwili wako na majibu yako: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hakuna anayeruhusiwa kuzigeuza tangazo la "kabla na baada" bila ridhaa yako, na ukifanyiwa hivyo unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Suala la dawa bandia halitaki mzaha. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu matoleo matatu bandia ya Ozempic yaliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Austria, mwaka 2023, watu walilazwa kwa sukari kushuka baada ya kuchoma kalamu za bandia, na mamlaka ya dawa kule ilishuku kwamba ndani kulikuwa na insulini. Kama nchi zenye ukaguzi mkali zimepenyezewa, boksi linalokujia limefungwa gazeti kutoka kwa mtu usiyemjua linastahili mashaka makubwa zaidi. Linganisha namba ya toleo kwenye boksi na iliyo kwenye kalamu, angalia tarehe ya mwisho, uliza Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kama dawa hiyo imesajiliwa nchini, na ukiwa na shaka ipeleke ofisi yao badala ya kuitupa. Jihadhari zaidi na vichupa vya kuvuta kwa bomba la sindano. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu watu waliojichoma mara tano hadi ishirini ya dozi waliyopangiwa kwa kuchanganya vipimo. Chai na vidonge vya "kukata tumbo" navyo vina hatari yao: mara nyingi duniani vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuhatarisha moyo. Kwa kuwa hati miliki ya semaglutidi inafikia mwisho mwaka 2026 katika nchi kadhaa, ikiwemo India inakotoka sehemu kubwa ya dawa tunazotumia, matoleo ya bei nafuu yatakuja kwa wingi. Yatakuja ya halali, na bandia zitajipenyeza katikati yake.

Halafu kuna joto. Kalamu ambayo haijaanza kutumika inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigande. Ozempic ikishafunguliwa inaweza kukaa nje ya friji hadi siku 56, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Mchana wa Septemba na Oktoba Shinyanga huvuka hapo, na sehemu ya mizigo ya basi iliyotoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja hadi Geita, inapita hapo mapema sana. Dawa iliyoungua haibadiliki rangi ili ikuonye. Nunua famasi yenye friji na yenye umeme wa akiba, beba na barafu iliyotenganishwa na kalamu kwa kitambaa, na kama kwako umeme unakatika kila siku, panga na famasi au zahanati ikuhifadhie.

Dozi huanza chini na kupanda polepole. Semaglutidi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5, na kuendelea kwa hatua kama hizo. Usiruke hatua kwa sababu mwenzako amepungua haraka. Kichefuchefu, kuharisha au kukosa choo ni kawaida mwanzoni. Kula kidogo kidogo, acha mafuta mengi, acha kula usiku wa manane. Anayetoka jasho kazini anywe maji kwa ratiba hata kama hana kiu, maana kutapika na jasho vikikutana vinaumiza figo. Na usifurahie kutokula kabisa. Ukila ugali mtupu kidogo au soda peke yake utapoteza misuli pamoja na mafuta, na mwenye kazi ya kubeba mifuko ya mawe hawezi kumudu hasara hiyo. Sahani iwe na dagaa au sato, choroko, dengu, maharage, mayai au mtindi kwanza, mlenda na mboga za majani zifuate, ugali au wali uje mwisho. Michembe na matobolwa ni chakula kizuri, ila hesabu kwamba ni viazi.

Kuhusu gharama, usiulize bei ya kalamu moja. Uliza bei ya mwaka mzima pamoja na vipimo, maana waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutidi walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Kama mfuko unatosha miezi mitatu tu, mimi nakushauri usianze. Pesa hiyo itumie kupima, kutibu presha na kumwona mtaalamu wa lishe katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Mwawaza kwa Shinyanga au ile ya Geita. Kupungua asilimia 5 tu, yaani kilo nne na nusu kwa mwenye kilo 90, tayari kunasaidia presha na sukari. Anayehitaji bingwa anaweza kufika hospitali ya Chato au Bugando, Mwanza, na kwa mtu wa Geita, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, safari ya Mwanza haisubiri tena kivuko. Ziara moja ya ana kwa ana kabla ya kuhamia kwenye simu ina thamani kubwa.

Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma, kukosa mkojo, au kutetemeka na kutokwa jasho jembamba kwa mwenye kisukari ni mambo ya hospitali usiku huohuo, bila kusubiri ujumbe ujibiwe. Ukipelekwa upasuaji wa aina yoyote, sema unatumia sindano hii, kwa sababu chakula cha jana kinaweza kuwa bado tumboni na kikaingia kwenye mapafu ukiwa usingizini. Na mwambie mtu mmoja nyumbani jina la dawa, dozi, siku unayochoma na namba ya daktari wako. Ukifikishwa hospitali hujitambui, yeye ndiye atakayeulizwa.